Mwendo wa Moto: Habari za Mji wa London, Mwaka 1666

Mama anapokoka moto asubuhi hatii kiberiti katika gogo. Hutwaa kwanza makumbi au nyasi kavu, juu yake huweka vijiti, na mwisho ndipo husogeza ukuni mnene. Nyasi huwaka na kwisha kabla mtu hajahesabu ishirini. Vijiti hudumu kitambo. Ama gogo la mkwaju, likishika, hulala na kaa lake mpaka alfajiri. Vyote hivyo ni vitu vya jamii moja, yaani mimea iliyokauka, lakini mwendo wa moto ndani yake haulingani.

Elimu hiyo ni ya jikoni, nasi twaidhani ndogo. Katika mazungumzo haya twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba mji mmoja mkubwa uliteketea, na mtu asiye na hatia akanyongwa, kwa kuwa watu hawakuikumbuka elimu hiyo walipokuwa nje ya jiko. Kisha tutaeleza kwa nini moto huenda mbio hapa na polepole pale, na jinsi mtu mmoja alivyoufunga moto katika kamba akaufundisha kwenda kwa hatua za kuhesabiwa.

Mwaka 1666 mji wa London, ulio kando ya mto Thames katika Uingereza, ulikuwa mji mkubwa wa biashara wenye watu wengi waliosongamana. Nyumba nyingi zilijengwa kwa miti na mbao, na kuta zake zilijazwa fito na udongo, namna isiyo mbali sana na nyumba zetu za udongo. Njia zilikuwa nyembamba. Kila ghorofa ya juu ilitokeza mbele kuliko ile ya chini yake, hata nyumba za upande huu na za upande wa pili zilikaribia kugusana juu ya vichwa vya wapita njia. Mbao nyingi zilipakwa lami zisioze kwa mvua. Wala wakuu wa mji ule hawakuwa watu wasiojua hatari ya moto kabisa. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1212 walikwisha kataza mapaa ya nyasi. Lakini walipoziondoa nyasi juu ya paa, waliziacha mbao chini yake.

Karibu na mto, katika njia iitwayo Thames Street, maghala yalijaa mafuta, shahamu ya wanyama, lami, katani, na pombe kali. Na gatini palikuwa na malundo ya mbao na makaa ya mawe. Tena kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikavu kupita kiasi, hata miti ya nyumba ilikauka kama kuni zilizokaa miezi juu ya uchaga. Na juu ya hayo yote, upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka mashariki.

Ilikuwa usiku wa kuamkia mapambazuko ya Jumapili, tarehe 2 Septemba, kwa hesabu ya kalenda waliyotumia Waingereza zamani zile. Baada ya saa saba ya usiku moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate aitwaye Thomas Farriner, katika kichochoro cha Pudding Lane. Yeye mwenyewe alishikilia neno lake kwamba alikuwa amelizima tanuri kabla ya kulala. Walakini nyumba ilijaa moshi. Farriner na watu wake wakapanda juu, wakatoka kwa dirisha, wakapita juu ya paa mpaka kwa jirani, wakaokoka. Mtumishi wao wa kike aliogopa kupita kule juu, akabaki. Naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa.

Saa hiyo moto ulikuwa bado ni wa nyumba moja na majirani wake. Mkuu wa mji, Sir Thomas Bloodworth, akaitwa, akaja. Desturi ya mji ilikuwa kuzibomoa nyumba za jirani kwa kulabu ndefu za chuma ili moto ukose cha kula, na watu walitaka afanye hivyo. Lakini wenye nyumba hawakuwapo, naye aliogopa kudaiwa gharama za kuzijenga tena. Akaudharau moto, akarudi kwake kulala. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtu mwingine alikuwa Samuel Pepys, mwenye cheo katika ofisi ya merikebu za vita za mfalme, ambaye kumbukumbu zake za kila siku zasomwa hata leo. Yeye aliamshwa yapata saa tisa ya usiku, akautazama moto dirishani, akauona uko mbali, akarudi kitandani. Alipoamka asubuhi, mtumishi wake alimwambia kwamba nyumba zaidi ya 300 zimekwisha kuteketea. Tazameni basi: watu wawili wenye akili na wenye cheo waliutazama moto ule ule usiku, na kila mmoja aliupima kwa ukubwa wake. Hakuna aliyetazama ulikuwa karibu kula kitu gani.

Maana moto haukungoja. Cheche ziliangukia nyasi za farasi katika ua wa nyumba ya wageni iliyokuwa karibu, kisha ukateremka mpaka Thames Street, penye yale maghala ya mafuta na lami. Hapo ndipo ulipogeuka. Kabla yake ulikuwa moto wa nyumba. Tangu hapo ukawa moto wa mji. Penye kichwa cha daraja la London palikuwa na magurudumu makubwa yaliyosukumwa na maji ya mto, nayo yalipandisha maji mjini. Magurudumu hayo yakaungua mapema, na watu wakabaki na ndoo za ngozi na mabomba madogo ya mkono.

Hata hivyo moto haukuvuka daraja kwenda ng'ambo. Daraja lile lilikuwa na nyumba juu yake, lakini sehemu yake ya kaskazini iliungua katika mwaka 1633, na mahali pengine palikuwa pangali pa wazi. Moto ulipofika kwenye uwazi ule ulisimama. Yale ambayo mkuu wa mji hakuthubutu kuyafanya usiku, ajali ya miaka 33 nyuma ilikuwa imekwisha kuyafanya mahali pale bila kukusudia.

Pepys alikwenda kumwarifu Mfalme Charles wa Pili, na mfalme akaamuru nyumba zibomolewe bila kumwogopa mwenye mali. Lakini amri hiyo ilikuwa imechelewa. Mafundi walipokuwa wakibomoa nyumba moja, moto ulikuwa umekwisha kuirukia ya tatu. Tena mbao za nyumba zilizobomolewa ziliachwa papo hapo njiani, nazo zikawa kuni zilizopangwa tayari.

Jumanne moto ulilifikia kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Watu walilitumaini kanisa hilo kwa kuwa lilikuwa la mawe, lenye kuta nene na uwanja mpana kandokando yake. Wauza vitabu wa mji walikuwa wameweka shehena zao za vitabu katika kikanisa kilichokuwa chini ya sakafu yake, wakaziba kila mwanya. Lakini kanisa lilikuwa likitengenezwa, na mafundi walikuwa wamelizungushia jukwaa la miti. Cheche zikashika miti ile, miti ikawasha paa, na madini ya risasi yaliyofunika paa yakayeyuka yakatiririka njiani kama maji. Kanisa liliharibika usiku ule ule. Ama vitabu kule chini viliwaka juma zima. Twaomba wasomaji walitie jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia: miti ya jukwaa iliwaka kwa muda wa saa chache, na karatasi, ambayo kila mtoto ajua kuwa ni nyepesi kuungua, ilikaa siku saba.

Karibu na ngome ya London, mahali ilipowekwa baruti ya serikali, watu wa jeshi la majini waliacha kulabu wakatumia baruti yenyewe kuzivunja nyumba kwa mara moja. Hapo uwazi ulipatikana upesi kuliko mwendo wa moto, na ngome ikaokoka. Usiku wa Jumanne upepo ulianza kutulia. Jumatano moto ulikuwa ukipungua, na kufika Alhamisi ulikuwa umeshindwa. Nyumba 13,200 zilikuwa zimeteketea, na makanisa ya mitaa 87, pamoja na lile kanisa kuu. Makumi ya maelfu ya watu walilala mashambani na katika viwanja nje ya kuta za mji, na vyombo vyao vichache mikononi.

Sasa yatupasa kusema habari ya huzuni kuliko hiyo. Wakati ule Uingereza ilikuwa vitani na Waholanzi na Wafaransa, na katika mwezi wa Agosti Waingereza wenyewe walikuwa wameuchoma mji wa Waholanzi katika kisiwa cha Terschelling. Basi watu wa London walipoona moto ukitokea katika paa la nyumba iliyo mbali, na katikati yake nyumba zingine zikiwa hazijaguswa, walisema: Moto hauruki hivi peke yake, hapana shaka pana mkono wa adui. Wageni wakapigwa njiani. Wafaransa, Waholanzi, na watu wa dhehebu la Katoliki wakakamatwa ovyo. Mfalme mwenyewe alikwenda kwenye uwanja wa Moorfields kuwaambia watu waliokimbilia huko kwamba hapakuwa na njama yo yote.

Ndipo akapatikana Mfaransa mmoja, Robert Hubert, fundi saa, aliyesema mwenyewe kwamba ndiye aliyetia moto. Maneno yake yalikuwa yakibadilika kila mara, na akili yake ilionekana si timamu. Hata waamuzi walikuwa na shaka naye. Lakini watu wengi walitaka awepo mtu wa kulipa. Miongoni mwa waliotia sahihi hati ya mashtaka walikuwamo watu wa nyumba ya Farriner, mwoka mikate, ambaye kama Hubert angeachiliwa, lawama ingerudi kwenye tanuri lake. Hubert akanyongwa katika mwezi wa Oktoba 1666. Baadaye nahodha wa chombo kilichomleta alishuhudia kwamba mtu huyo alishuka Uingereza siku mbili baada ya moto kuanza.

Baraza la mfalme, mapema katika mwaka 1667, liliamua kwamba sababu za msiba zilikuwa mapenzi ya Mungu, upepo mkuu, na ukavu wa majira. Hata hivyo chuki haikuisha. Mnara mrefu wa mawe ulijengwa kuwa ukumbusho, ukamalizika mwaka 1677. Urefu wake ni futi 202, sawa na umbali wa kutoka mguuni pake mpaka mahali palipokuwa na tanuri la Farriner. Mwaka 1681 yaliongezwa juu yake maneno ya kuwashitaki Wakatoliki kwa moto ule. Maneno hayo yalifutwa mwaka 1830. Uwongo uliozaliwa kwa siku nne uliandikwa juu ya jiwe, ukaishi karibu miaka 150.

Je, ni mkono gani basi uliorusha moto kutoka paa mpaka paa? Tulitafute jibu lake polepole.

Kwanza, ukuni hauwaki kama ulivyo. Ukipashwa joto hutoa unyevu wake, kisha hutoa mvuke; na mvuke huo ukichanganyika na hewa ndio unaowaka, nao ndio ulimi wa moto tunaouona. Kwa hiyo ukuni mbichi huchelewa, maana moto hutumia nguvu zake kwanza katika kuukausha. Katika mwaka 1666 jua la kiangazi lilikuwa limekwisha kuifanya kazi hiyo kabla cheche ya kwanza haijaanguka.

Pili, moto hula kitu kwa nje, mahali kinapogusana na hewa. Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Chukueni kipande cha mti chenye pande sita zilizo sawa, kila upande inchi 10 kwa inchi 10. Nje yake yote ni inchi za mraba 600. Kikateni kiwe vipande vidogo vya inchi moja moja. Mtapata vipande 1,000, na nje yake vyote pamoja ni inchi za mraba 6,000. Mti haukuongezeka hata chembe, lakini mlango wa moto umepanuka mara kumi. Ndiyo sababu boriti nene ya msonobari, hata katikati ya moto mkali, huliwa kiasi cha inchi moja na nusu tu kwa saa, kwa kuwa kaa jeusi la nje huwa kama ngao ya sehemu iliyo ndani. Bali fito za mti ule ule huisha kwa dakika chache. Na ukizidi kukisaga kitu, hatari nayo huzidi. Tarehe 2 Mei 1878 katika mji wa Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa cha ngano kiitwacho Washburn A kililipuka kikavunjika, na watu 18 wakafa. Hapakuwa na baruti humo. Palikuwa na vumbi la unga lililotanda hewani. Unga ulio guniani hauwaki upesi. Unga uleule ukipeperuka, kila punje yake imezungukwa na hewa, nao huwaka wote kwa mara moja.

Hapo twapata jibu la wale wauza vitabu. Kitabu kimoja kilichofunguliwa huwaka kama jani. Lakini vitabu elfu vilivyobanwa pamoja ni kama gogo. Hewa haipati njia kati ya karatasi na karatasi, na moto hutambaa kwa kuomba.

Tatu, ni hiyo hewa yenyewe. Mwaka 1665, mwaka mmoja kabla ya msiba, mtaalamu aitwaye Robert Hooke alitoa kitabu chake, Micrographia. Humo alieleza kwamba hewa si mahali tu pa kuwakia moto. Imo ndani yake kitu kinachovila vitu vyenye joto, na kitu hicho hicho kimo pia ndani ya shura, ambayo hutumika kufanyia baruti. Yapata miaka 100 baadaye Mwingereza Joseph Priestley na Mfaransa Antoine Lavoisier walikitambua kitu hicho, na Lavoisier akakipa jina la oksijeni. Ni kiasi cha fungu moja katika kila mafungu matano ya hewa. Upepo wa mashariki ulikuwa kama mvukuto wa mhunzi: uliupa moto wa London hewa mpya kila dakika, ukaulaza mbele ili upashe joto nyumba zilizokuwa bado hazijashika, na ukachukua cheche nyepesi za mbao ukazitupa mbali juu ya mapaa makavu. Huo ndio mkono waliouona watu. Haukuwa wa Mfaransa.

Nne, moto hupanda kwa haraka kuliko unavyoshuka, kwa maana joto lake huenda juu na kutayarisha kitu kilicho juu yake. Mtu mzima na awashe njiti mbili za kiberiti mbele ya watoto: moja ashike kichwa kikielekea juu, na nyingine kichwa kikielekea chini. Ya kwanza huwaka kwa uvivu na pengine hujizima. Ya pili humfukuza vidole. Zile ghorofa za London zilizotokeza juu ya njia zilikuwa njiti za namna ya pili.

Robert Hooke hakubaki na kitabu chake tu. Mji ulipotaka kujengwa upya alikuwa mmoja wa wapimaji waliowekwa kuonyesha mipaka ya njia na viwanja, na alishirikiana na Christopher Wren, fundi mkuu aliyelijenga upya kanisa la Mtakatifu Paulo, katika kuusimamisha ule mnara wa ukumbusho. Na sheria ya mwaka 1667 iliyoamuru namna ya kujenga yafaa kusomwa kama jibu la yale tuliyoyaeleza. Kuta za nje ziwe za matofali au mawe: maana yake, moto usipate mlango. Unene wa kuta upimwe kwa ukubwa wa nyumba. Ghorofa zisitokeze njiani: maana yake, moto usipate ngazi. Njia kadha wa kadha zipanuliwe: maana yake, uwazi ule uliookoa daraja uwe umewekwa mapema kwa makusudi, usingoje kubomoa. Sheria hiyo haikuwatafuta wageni. Iliwatafuta mbao na upana wa njia.

Hivyo watu walijifunza kuupunguza mwendo wa moto. Lakini pana wakati ambapo twautaka moto uende, ila kwa kiasi tunachokijua. Na habari ya kazi hiyo ni ya machimbo ya madini.

Baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa, na kiberiti cha madini. Katika mafungu 100, kwa desturi 75 ni shura, 15 makaa, na 10 kiberiti. Kwa kuwa shura inayo ndani yake ile oksijeni, baruti haiombi hewa ya nje, nayo huwaka hata ikizibwa ndani ya jiwe. Wachimba madini ya bati na shaba katika jimbo la Cornwall, Uingereza, walitoboa mwamba, wakashindilia baruti tunduni, wakaiwashia kwa bua au shina la unyoya wa bata bukini lililojazwa baruti kidogo. Tambi hizo hazikuwa na mwendo mmoja. Moja ilikimbia, ikamkuta mtu hajaondoka. Nyingine ilizubaa kimya, hata mchimbaji akidhani imezimika alirudi kutazama, nayo ikalipuka usoni pake. Wengi walikufa au kupofuka, si kwa sababu baruti ilikuwa kali, bali kwa sababu hawakujua itakuwa kali saa ngapi.

Mtu aitwaye William Bickford, mfanya biashara ya ngozi wa Tuckingmill, aliwahurumia. Siku moja alitazama kazi ya msokota kamba, jinsi nyuzi zinavyozunguka na kukazana, akawaza: Je, kama katikati ya nyuzi hizo ungetiririshwa uzi wa baruti? Akafanya hivyo. Nyuzi ziliibana baruti iwe na unene mmoja tangu mwanzo hata mwisho, na lami ya nje ikazuia maji. Mwaka 1831 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Utambi huo ulikwenda futi moja kwa muda wa nusu dakika hivi. Mchimbaji aliyehitaji dakika tatu za kufika mahali salama alikata futi sita, akawasha, akaondoka kwa miguu yake bila kukimbia. Baruti ilikuwa ile ile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba mwendo wake ulijulikana, na kwa kujulikana huko maisha ya watu wengi yaliokolewa.

Wasomaji wetu wengi hawakai London wala hawachimbi mwamba. Lakini makuti na nyasi za mapaa yetu ni chakula chepesi cha moto kuliko mbao za London: ni vitu vyembamba, vikavu, vyenye hewa kila mahali, na moto huvifikia kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo nyumba ya makuti haitupi muda wa shauri. Likishika paa, watolewe watu kwanza, wala mtu asirudi ndani kwa ajili ya sanduku au godoro. Jiko na lijengwe mbali na paa la kulala, upande ambao upepo wa kusi au kaskazi hautachukua cheche na kuzileta nyumbani. Nyasi zilizo kandokando ya nyumba zifyekwe kabla kiangazi hakijakaza, na nyumba mpya isijengwe hata paa lake likaribie kugusa paa la jirani. Uwazi haugharimu kitu siku ya kujenga. Siku ya moto haununuliki.

Tena watoto na wafundishwe habari ya zile njiti mbili. Leso au kanzu ya mtu ikishika moto, asikimbie, kwa maana kukimbia ni kuutia moto upepo. Wala asisimame wima, kwa maana moto utapanda kifuani na usoni. Alale chini mara moja ajibingirishe, na walio karibu wamfunike kwa blanketi zito. Na mafuta ya petroli yasiwekwe jikoni wala yasitumiwe kukokea kuni, kwa kuwa yanatoa mvuke hata yakiwa baridi, na mvuke huo huutafuta moto kabla mtu hajauona.

Mwisho twarudi kwa Robert Hubert. Ikitokea nyumba tatu kijijini zikaungua usiku mmoja, na moja yao iko mbali na zingine, watakuwapo watu wa kusema, Fulani alipita hapa jioni. Au, Fulani ana uadui nasi. Huenda ikawa kweli, nayo ichunguzwe na wenye kazi hiyo. Lakini kabla mtu hajalitaja jina la jirani yake, na aulize kwanza maswali haya: Upepo ulivuma kutoka wapi? Paa lilikuwa la kitu gani? Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho? Maswali hayo matatu yangaliulizwa kwa utulivu katika London, fundi saa mmoja angalirudi kwao Ufaransa akiwa hai.

Kwaherini, hata mazungumzo yetu mengine.